Deraya ya Mtu Anayekufa Saa Tatu Usiku

Ngozi kavu haisikii.
Utaigonga hadi adhuhuri
nayo itakurudishia nyundo mkononi.
Inyweshe kwanza. Na maji, wiki hii ya mgao,
ni ndoo mbili kwa siku, shilingi mia tano kila moja,
kwa hiyo Jumatano sikuoga; ngozi ilioga.
Nikaivingirisha ndani ya gunia, nikangoja,
kisha nikaiweka shavuni: ubaridi kidogo,
kama paji la mtoto homa ikishashuka.
Hapo ndipo inapokubali kuambiwa neno.

Aliyeitaka ni Mwalimu Senyagwa, mtu wa maigizo.
Alinikuta kibandani, nyuma ya soko la Sabasaba,
nagongelea kisigino cha kiatu cha harusi.
Akatandaza picha juu ya meza: “Deraya.
Ya vita vya zamani, vile visivyoandikwa na mtu.”
Kama havikuandikwa, picha umeipata wapi?
Akacheka. Pale kifuani palikuwa na simba mwenye mbawa.
Mimi mzaliwa wa Mpwapwa. Simba tunamjua.
Mbawa hana. Angekuwa nazo, nani angefuga?

Nikanunua ngozi ya fahali wa Kongwa.
Nyongani alikuwa na namba: 7, na mstari chini yake,
chuma cha moto kilichomwandika angali ndama.
Kando yake mkwaruzo mrefu wa mgunga,
na vitobo vya kupe, kama nukta
za mwanafunzi asiyejua sentensi inaishia wapi.
Wenzangu hukata hapo, wakatupa.
Mimi nilipima mara tatu, nikageuza kielelezo
hata 7 ikaangukia juu ya moyo.

Mihuri yangu ni misumari ya inchi sita
niliyookota Mtumba, wizara zilipokuwa zikijengwa.
Vichwa nimevisaga kwa tupa:
huu hutoa punje ya mtama,
huu jino la panya,
na huu haukutoa nilichokusudia
ndiyo maana nausahau mezani kila mara, nausaka kila mara.
Punje kwa punje, kutoka kooni kushuka kitovuni,
mtama ukasimama safu.
Mama Mazoya, muuza mlenda, akapaza sauti ng'ambo ya bati:
“We Chiwaga, unajenga au unabomoa?”
Sikujibu. Nilikuwa nahesabu.

Hapa kisu kiliteleza.
Ngozi haina kifutio.
Nikakaa nayo, chai ikapoa,
halafu ule mteleza nikaupa kingo mbili, ukawa njia,
nikaupeleka taratibu mpaka mlangoni pa ile 7.
Mwalimu aliposhika deraya akasema njia ndiyo bora kuliko yote.
Nikaitika, “Asante.”

Weusi niliupata kwenye siki ya zabibu,
kopo lililolaza misumari ya kutu wiki nzima.
Ukipaka, ngozi hubadilika polepole, kijivu, samawati,
halafu usiku unaingia wote kwa pamoja.
Juu yake mafuta ya alizeti, na kitambaa cha fulana yangu.

Lilibaki tundu.
Chini ya kwapa la kushoto, upana wa kidole na nusu,
mkuki wa mti upite, upasue kifuko cha rozela,
Yaredi aanguke. Kila Ijumaa, saa tatu usiku.
“Pale usihangaike,” Mwalimu alisema, “hapaonekani.”

Nilihangaika siku mbili.
Nikautafuta ule msumari usiotii,
nikaupiga kuzunguka ukingo, kwa uzito wa kifundo tu,
alama ndogo ndogo zinazoegemeana
kama watu waliokuja msibani mapema.

Yaredi akaja kujaribu, bado ana vocha mfukoni.
Akainua mkono. Akaingiza kidole, akakizungusha.
“Hata hapa, fundi?”
Hapa zaidi, nikasema.
Nikamkaza mkanda tundu la nne.
Amekonda tangu nilipompima.