Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Swansea, Januari, saa tisa alasiri.
Madirisha yamepakwa rangi hadi yakanata,
nasi kumi na wanne tunapokezana pumzi moja
kama kikombe kisichooshwa.
Nimejumlisha safu ileile mara nne,
majibu manne.
Nikasingizia uzee. Nikasingizia miwani.

Bronwen wa mishahara hakusema kitu:
alichukua kisu cha siagi,
akakwangua ukingo, akasukuma kwa bega,
likaachia: kraa!

Baridi ikaingia na harufu ya mvua,
karatasi zikaruka,
Huw akanung'unika, akavaa koti.

Mimi nilivuta hewa mpaka chini ya mbavu,
nikairudia safu.
Saba.
Ilikuwa saba pale, tangu asubuhi,
nami naisoma moja.