Mvunguni

Jumamosi, Foleshill, mjini Coventry, manyunyu.
Nimelala chali juu ya katoni ya friji ya jirani,
tochi mdomoni,
nalisoma tumbo la gari langu:
viti viwili, rangi ya damu ya mzee,
miaka ishirini na mmoja ya chumvi ya barabarani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nimepita kuinama,
nimenyooka kama maiti anayengoja kuoshwa,
na kutu inanidondokea machoni.

Sailensa imetoboka. Tundu la kupita kidole gumba.
Ninazo pauni mia tatu na arobaini
ndani ya kopo la majani ya chai,
zamu za usiku, ghala la vipuri vya matrekta;
kila noti naijua kwa usiku wake.

Iko ekzosi ya Kijapani, ya titani,
mdomo umeungua samawati kama shingo ya tausi.
Elfu moja na mia mbili.
Nimeitazama picha yake nikila wali wa jana,
nikaifunga, nikaifungua,
nikaifunga tena.

Iko ya mia na sitini, kwa kijana wa Hillfields.
Anaapa ni chuma cha pua.
Pua ya nani? Nimepeleka sumaku,
ikaing'ang'ania kama kupe.
Alipowasha, njiwa wote wa mtaa waliruka,
dirisha la tatu likafunguliwa, likatoa tusi.
Debe tupu, nikasema kimoyomoyo.
Lakini sitadanganya:
malaika ya mikono yalinisimama.
Nina miaka arobaini na minne
na bado nataka mahali fulani
wageuke waulize, nani huyo anayepita?

Jagtar wa skrapu hakuniuliza nataka sauti gani.
Aliuliza, "Unaendesha na nani?"

Na Tumu, nikasema. Binti yangu. Miaka tisa.
Kila Jumapili ya pili namfuata Leicester kwa mama yake,
dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi,
na gari likifika maili sabini
mvumo unaingia kichwani kama nyuki kwenye mtungi.
Anasema jambo, nasema "Eeh?"
Anarudia, nasema "Eeh?"
Mara ya tatu anageukia dirisha,
na lile jambo linabaki barabarani,
labda jina la rafiki mpya,
labda ndoto.

Jagtar akapotea kati ya milango na bampa,
akarudi amekumbatia sailensa nzee kama mtoto wa kambo:
ya kiwandani, imevuliwa kwenye gari ndugu na langu
lililogongwa ubavuni, mkia mzima.
Kishikio kimoja kimepinda.
"Tisini. Na gasketi mpya, usinifanyie ubahili kwenye gasketi."

Gasketi kumi na nne. Bolti na mipira, tisa.
Bolti mbili zimekatika,
ya tatu nimeibembeleza kwa mafuta na moto na matusi ya Kipemba
mpaka Bi Doreen wa ghorofa ya juu
akashusha kikombe cha chai kwa kamba, bila neno.

Zimebaki mia mbili ishirini na saba.
Ukaguzi ni Alhamisi.

Jumapili, maili sabini, barabara kavu.
Tumu anaongea tangu tulipoondoka:
mwalimu mwenye jino la dhahabu,
sungura wa darasa aliyezaa wakati alisemekana ni dume.
Nasikia kila silabi. Nasikia hata anavyomeza mate.

Kisha ananyamaza, anakunja uso.
"Baba, gari limeharibika?"
"Kwa nini?"
"Halingurumi. Niliwaambia wenzangu linanguruma."

Mungu wangu.

Tunaingia Coventry, chini ya daraja la barabara ya mzunguko.
Nashusha vioo vyote viwili,
narudisha gia ya pili, nakanyaga.
Zege linaturudishia kitu,
si simba, si radi,
mzee anayesafisha koo kabla ya kusema.

"Tena," anasema Tumu.