Nusu Bei

Mali bila daftari huisha bila habari,
kwa hiyo naandika:
skafu thelathini na mbili, kofia za sufu kumi na nne,
kikombe kimoja kisicho na mkono. Hicho hakiuzwi,
hicho nanywea chai; ndilo kombe langu.

Duka letu liko Whitehaven, mtaa unaoteremka bandarini,
katikati ya fundi miwani na benki iliyofungwa.
Uwanja uko kilimani, dakika kumi na tano kwa mguu,
ishirini upepo ukija usoni.
Sijawahi kuuona ukiwa na watu.
Jumamosi wao wakipanda, mimi nabaki na mashine ya tiketi,
hutafuna karatasi kama mbuzi
siku ya mechi kubwa tu. Siku nyingine ni mpole.

"Nipe kiti kisichovuja," huniambia Bwana Postlethwaite
kila mwaka, kana kwamba paa nimeliezeka mimi.
Nampa safu ya F. F inavuja. G inavuja zaidi.
Analijua hilo, nami najua kwamba analijua.
Anahesabu sarafu polepole, tunazungumzia magoti yake.

Hapa wananiita Kombo.
Mwanakombo ni refu, wanasema, na kuchapa mgongoni
herufi moja ni pauni moja.
Hawajui kwamba wakilifupisha hivyo
wanasema nimepinda.
Naitika. Kwa nini nisiitike?
Mambo yakienda kombo, si mimi wanayenitafuta?

Januari walimuuza Kirkbride.
Namba tisa, mtoto wa hapa hapa, masikio mekundu,
alizoea kupita dukani kuomba gundi ya viatu.
Dirisha la usajili lilifungwa saa tano usiku;
saa tano na dakika mbili yeye ni mtu wa kusini.
Dirisha langu mimi halifungiki tangu Oktoba,
nimeliziba kwa skafu ya msimu wa juzi,
na upepo wa Bahari ya Ayalandi
unaifumua uzi kwa uzi.

Akaniachia jezi kumi na moja zenye jina lake.
Herufi tisa mara kumi na moja: piga hesabu.
Akina baba wanazishika, wanageuza, wanauona mgongo,
wanazirudisha kwa vidole viwili, kama samaki aliyelala.
Meneja akapiga simu: nusu bei.
Nikaandika kwa wino mwekundu, nikazitundika mlangoni.
Februari yote ikapita zimetundikwa,
timu nzima ya mtu mmoja, imewapa wateja mgongo.

Jumanne moja ya mvua akaingia bibi, koti la plastiki,
akalisoma jina kwa kidole.
"Moja. Ndogo. Ya kuvaa mimi."
Nikamwambia ni nusu bei. Akanitazama
kama anavyotazamwa mtoto aliyetukana bila kujua.
"Huyu nilimlea mimi," akasema.
"Mjukuu wangu hanunuliwi nusu."
Noti mbili za ishirini, sarafu za tano, juu ya meza.
Mfuko hakutaka. Aliivaa juu ya sweta,
akafunga koti juu yake hadi shingoni,
akatoka. Hakuna aliyemjua njiani amevaa nini.

Kwenye daftari nikakwama.
Bei niliyoagizwa na bei niliyopewa hazikulingana,
pauni ishirini na mbili na nusu zimezidi,
na mimi si mwizi, wala si mkarimu kwa hela ya klabu.
Nikaandika: jezi moja. Bei: yake.
Kisha nikaishusha ile karatasi nyekundu.

Alhamisi meneja akaipandisha tena.

Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini,
kelele zikateremka kutoka kilimani, zikagonga kioo.
Sauti ya goli naijua: huanza chini, ikapanda, ikakaa.
Hii ilipanda, ikavunjika.
Kuna mtu kakosa mbele ya lango tupu.
Nikatazama mlangoni. Kumi zimebaki.
Nikarudi kwenye soksi.