Mti Uliolala Haujalala

Usiku ule upepo haukupiga hodi.
Uliingia msituni kwetu, huku Småland, mwezi wa kwanza,
ardhi ikiwa mbichi, haijaganda kama desturi yake,
na kufikia alfajiri misonobari ya baba
ilikuwa imelala yote upande mmoja,
kama njiti zilizomwagika kwenye kiberiti.

Mama alitoka na buti za marehemu.
Akahesabu mpaka arobaini, akaacha.
"Umeme hakuna, simu hakuna," akasema,
"mikono tunayo. Kamwite Börje."

Börje alifika siku ya tatu, kwa miguu,
maana barabara nayo ilikuwa chini ya miti.
Msumeno begani, chupa ya kahawa kwapani.
Hakutoa pole. Alilizunguka shina la kwanza mara mbili,
akalibonyeza kama daktari anavyobonyeza tumbo,
ndipo akaniambia:
"Mti uliolala haujalala.
Huu umejikunja kama mtego. Huku umebanwa,
kule umevutwa. Ukikosea pa kukata
utakuvunja taya kabla hujasikia mlio.
Na nyuma ya mizizi usisimame. Kamwe."

Sikuelewa mpaka alipokata.
Gogo lilipoachana na shina lake,
sahani ile ya mizizi na udongo, ndefu kuliko mlango,
ikatikisika,
ikasita,
ikarudi kinyumenyume kuketi shimoni mwake, pu!
na kisiki kikasimama wima
kama mwanafunzi aliyeitwa jina darasani.

Chupa ya kahawa ilikuwa mle shimoni.

Tukatazamana.
Mama, aliyekuwa akiburuta matawi, akatua mzigo.
"Basi," akasema, "Evald amepelekewa kahawa."
Tangu mazishi hakuwa amelitaja jina hilo.
Akacheka hadi akaketi kwenye tope.

Evald ndiye aliyeipanda, mche mmoja mmoja,
kutoka kreti la maziwa, mwaka niliozaliwa.
Hii karo yako, alisema. Hii paa lako. Hii uzee wetu.
Nikapiga magoti kuhesabu pete za gogo:
thelathini na nane, sawa na mimi,
na moja katikati nyembamba kama uzi:
mwaka wa ukame, mwaka nilioondoka bila kuaga.
Mti haulaumu. Unaandika tu.

Bwana wa bima alikuja na kalamu mbili,
akauliza hasara ni kiasi gani.
"Ya mbao," mama akamwuliza, "au ya miaka?"
Akaandika ya mbao.

Wiki sita tulikata, tukaburuta, tukachoma.
Utomvu ulikataa sabuni, ukakubali siagi.
Mkate ulinuka msonobari, mto ulinuka msonobari,
hata ndoto zilikuwa na vumbi la msumeno.
Kila kisiki kilichorudi kusimama
mama alikipigapiga mgongoni, kama ng'ombe aliyerudi zizini.
Börje hakutaka malipo, alitaka chupa.
Nikamnunulia mpya, nyekundu.
Akaigeuzageuza, akasema ile ya zamani
ilikuwa na kifuniko kinachobana vizuri zaidi.

Jioni tuliyomaliza upande wa magharibi
taa ilijitokeza dirishani mwa jiko.
Si nyota. Ilikuwa ya manjano, chini, na kivuli kikipita mbele yake.
Mama akazima mshumaa ili aone vizuri.
"Ingegerd," akasema polepole. "Yule ni Ingegerd, anaosha vyombo."
Miaka yote hiyo akidhani anaishi na msitu tu,
kumbe hatua mia tatu, mtu na sufuria zake.

Kesho yake akatoa kitambaa, akaketi kwenye cherehani.
Nyumba hii, alisema, haikuwahi kuhitaji pazia.
Akashona pindo, akatia vipete.

Pazia liko tayari tangu mwezi wa tatu.
Limekunjwa juu ya kiti.
Bado hajalitundika.