Sweta la Oktoba

Leo asubuhi mlima haukuwapo.
Nilifungua dirisha nikakuta weupe,
weupe mzito kama uji wa mgonjwa,
na ng'ombe wa Cherotwo analia humo ndani
kana kwamba mtu amemfuta mwili, akaisahau sauti.

Nikasema: haya, umefika.

Hukupiga hodi. Hujawahi.
Nikaburuta sanduku la bati kutoka uvunguni,
nikatoa sweta la kijani,
linanuka dawa ya nondo na moshi wa mwaka jana,
kiwiko cha kushoto kimetoboka.
Nililivaa kabla sijanawa uso.
Kuna joto la moto, na kuna joto la kitu kinachokujua.

Kapchorwa mjini, kama barabara moja na vichochoro vyake ni mji,
Labu ameitoa mizani stoo,
ameipaka mafuta, ameitundika mlangoni,
inaning'inia pale kama mgeni aliyewahi harusini
akakuta hata viti havijapangwa.
Juu ya turubai, buni ya kwanza,
haitimii debe tatu.
Tumeizunguka watu sita, mikono nyuma,
tunaitazama kama kitoto kichanga:
safari hii imechukua pua ya nani?

Mashambani mibuni ndiyo kwanza inaona haya.
Tunda moja jekundu hapa, matatu pale,
tawi zima linalofuata limenuna, kijani tupu.
Wala hainisumbui.
Kuiva hakupigiwi kengele.

Watoto wa shule wanapuliza pumzi nyeupe,
wanashika vijiti kwa vidole viwili,
wanakohoa kizee, wanacheka mpaka daftari zinaanguka.
Yeko amehamishia jiko lake karibu na kijiwe cha bodaboda,
anachoma mahindi ya mwisho mwisho,
yale magumu, yanayodai meno ya ujana.
Nilinunua moja.
Nikalitafuna upande wa kulia, polepole,
chumvi na pilipili zikinichoma midomo iliyopasuka kwa baridi,
na sikutamani kuwa mahali pengine popote.

Hapo nikatia mkono mfukoni.
Ganda la karanga. Kifungo kisicho chetu.
Na kipande cha karatasi, mwandiko wangu mwenyewe:
*Chemonges, elfu nane.*

Basi. Nani anamdai nani, sikuandika.

Nilimkuta kibandani kwake, redio tano zimepasuliwa matumbo,
hata moja haisemi.
Nikaiweka karatasi mezani.
Akavaa miwani. Akaivua. Akajikuna kisogo.
"Labda ni mimi," akasema.
"Labda ni mimi," nikasema.
Akabandika birika, akaponda tangawizi
kwa mpini wa bisibisi,
tukanywa, tukajaribu kukumbuka,
tukakumbuka mengine yote:
mvua iliyobomoa choo cha soko,
jogoo wa mchungaji,
na marehemu Musobo alivyokuwa akilala kanisani macho wazi.
Deni halikutokea.

Saa kumi ukungu ulijifungua kidogo, kama pazia la mwenye wivu,
tukauona mlima, umelowa, umekaa palepale.
Tulisimama mlangoni na vikombe vyetu.
Hakuna aliyesema kitu.
Kisha ukafungwa tena.

Wakati wa kuaga Chemonges alininyoshea ile karatasi.
"Ya kwako hii."
Nimeikunja, nimeirudisha mfukoni
pamoja na kifungo.
Ganda la karanga nimelitupa.
Mwakani baridi ikirudi
nataka inikute nina pa kwenda.