Alama ya Kutoa

Walikuja Burnley likizo ya Februari, malori matatu na jenereta,
wakaikodi shule yetu siku tisa.
Ubao mweupe wa chumba namba kumi na nne wakaufunika,
mbele yake wakatundika ubao mweusi, wa chaki,
ambao shule ile haikuwa imeuona tangu baba zetu wavae kaptura.
Kamera inaupenda, walisema.

Sisi tulilipwa pauni arobaini kwa siku, tukae kimya:
mimi, Imtiaz, na Tamsin wa duka la samaki wa kukaanga,
safu ya pili, dirishani.
Mwalimu wa filamu alikuwa na koti la sufu
lililotiwa viraka makusudi,
na sauti ya asali iliyopashwa moto.
Alisema ndani ya kila mmoja wetu mna jua.
Alilisema hilo jua mara kumi na moja,
na kila mara mtu mmoja nyuma ya kamera alininyooshea kidole:
"Guswa. Wewe wa dirishani, guswa zaidi."
Nikaguswa. Kwa pauni arobaini hata jiwe lingeguswa.
Mara ya saba mvua ya kweli ikaanza nje,
wakasimamisha kazi,
maana mvua yao ilikuwa ndani ya tangi, ikingoja zamu.

Bi Ormerod alikaa nyuma kabisa, karibu na redieta.
Sheria ilidai awepo mtu mzima wa shule.
Alikuwa anasahihisha: kalamu ya kijani,
biskuti ya tangawizi iliyoumwa mara moja, ikasahauliwa.
Huyu ndiye aliyenipokea nina miaka kumi na tatu,
na Kiingereza cha salamu tu.
Hakuniambia habari za jua.
Kila Jumanne, saa tisa na nusu, tuliingia kistoo cha karatasi,
tukakalia maboksi.
Siku moja akachora kistari kifupi, akauliza kwetu kinaitwaje.
Kutoa, nikamwambia. Kisha, kwa mikono zaidi kuliko maneno,
nikamweleza kwamba ndilo neno lile lile
la mtu anayempa mwenzake kitu.
Akanyamaza mpaka birika likajizima.
"Hebu rudia," akasema.

Siku ya tisa, mchana, wote wako nje kwenye foleni ya supu,
nikarudi kufuata skafu yangu.
Nikamkuta mbele ya ubao mweusi, miwani nchani mwa pua,
anautazama mlinganyo walioupamba vijana wa mapambo:
eksi kipeo cha pili, kutoa tano eksi, kujumlisha sita,
sawa na sifuri;
na chini yake mabano mawili,
yote mawili wameyatia kujumlisha.
"Kuna watoto watakaousoma huu," akasema, wala hakugeuka.
Akafuta kwa kidole gumba. Huku, na huku.
Akachora vistari viwili.
Akajipangusa chaki kwenye sketi,
akarudi kwenye redieta na rundo lake.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata, yeye ameshastaafu.
Niliiona peke yangu, Jumatano, ile ya bei nafuu.
Mimi walikuwa wamenikata. Kilibaki kiwiko,
na nusu ya sikio la Imtiaz.
Fidla zikaanza, koti la viraka likafungua mikono,
jua likatajwa, mama mmoja mbele yangu akatafuta leso.
Na nyuma ya lile bega la sufu, kwa sekunde tatu,
labda nne,
vistari viwili, vifupi, vimelalia kulia kidogo
kama vya kwenye kistoo.
"Vile pale!" nikasema kwa sauti, tena kwa Kiswahili.
Mtu nyuma akanisonya.

Nikakaa majina yapite yote:
wapishi, madereva, aliyelinda jenereta,
hata wa tangi la mvua alikuwamo.
Nje ilikuwa inanyesha, ile isiyongoja zamu.
Nikapanda basi la Padiham.

Alifungua mlango, mikono ina unga.
"Havikufutwa?" akauliza, hata kabla ya salamu.
"Vyote viwili vipo."
"Vizuri," akasema. "Vua viatu,
mkate wangu uko jikoni."