Sanduku la Ishirini

Lori limeingia Moshi na vumbi la Singida mgongoni,
masanduku kumi na tisa, yote yameandikwa JUU HUKU,
na mawili yamelala chali.
Nimeitwa mimi kwa sababu nina drili.

Humu ghalani mama alichambua kahawa,
mbovu kushoto, nzima kulia,
miaka kumi na miwili.
Harufu haijahama. Imekaa kwenye mbao za dari
kama mpangaji asiyelipa.

Sasa wanachambua kuta.
Nyamizi wa Tabora, na nyuzi zake nyekundu, anataka ule wa dirishani.
Shekiondo anataka huohuo: vyungu vyake,
alivyovipasua mwenyewe akavishona kwa waya wa shaba,
bila jua, anasema, ni vigae tu.
Asumini kaleta video ya bibi yake akibangua korosho,
ka, ka, ka,
na mlio ule unaingia bila hodi
kwenye kitambaa cheupe cha Mushobozi,
ambaye anaeleza, vidole masikioni,
kwamba kazi yake inahusu ukimya.

"Fundi, ungekuwa wewe?"
Ningepiga msumari penye tofali, nikasema,
si penye plasta.
Wakacheka. Kisha wakanyamaza.

Usiku wameenda kula mtori. Nimebaki na taa.
Uzi mmoja umeteleza ukaangukia mdomo wa chungu.
Bibi anabangua.
Na weupe ule, ukiutazama sana,
ni mlima asubuhi unapokataa kuonekana.
Sikujua nimesimama muda gani
mpaka magoti yaliponiambia.

Siku ya tatu mama akaja na kitenge cha kanisani.
Hakutazama ukutani. Aliinama,
akachokoa kwa ukucha ufa wa sakafu,
akatoa punje moja ya kahawa, akaigeuza kwenye mwanga.
"Mbovu."
Akaiweka kushoto kwake,
juu ya meza ndogo nyeupe iliyokuwa haina kitu.

Watu wakaizunguka.
Mmoja akauliza bei.

Jumapili lori likaondoka kwenda Arusha.
Mushobozi alikuwa ameniomba sanduku moja zaidi,
dogo, la ukubwa wa kiberiti.
Nililiranda vizuri. Nikaandika JUU HUKU.

Ukuta wa dirishani haukupewa mtu.
Nimeng'oa misumari yote, nimeziba matundu,
isipokuwa mmoja, pale penye jua.
Nimetundika koti.